Msokoto Uliotazama Kushoto

Mchoro wa roshani ya jumba la kale ulitundikwa katika ofisi ya ramani kwa misumari ya inchi sita, maana midogo ilishindwa nao. Karatasi ilikuwa ya kawaida tu. Ila tangu mchoraji wa ramani alipoumaliza mzabibu wa chuma wa ukingo wake, jani kwa jani, msokoto kwa msokoto, ikawa na uzito wa chuma chenyewe, na kuinyanyua kulitaka wanaume wanne na kelele nyingi.

Mjane wa mhunzi aliitwa aje kuutazama. Jumba lilikuwa limeshabomolewa, na ukingo wa roshani, kazi ya mumewe, ukauzwa chuma chakavu pamoja na masufuria mabovu. Hakubakiwa na kitu cha marehemu cha kushika. Hata nyundo, shemeji zake walizigawana kabla machozi hayajakauka.

Akavaa miwani, akaufuata mzabibu kwa kidole. Misokoto yote ilitazama kulia. Alipofika katikati akasimama.

"Huu umetazama kushoto."

"Ndivyo ulivyokuwa, mama," mchoraji akasema. "Bosi alitaka niugeuze ufanane na wenzake. Nikaona si wangu wa kugeuza."

"Siku marehemu alipoufua huu, nilipita karakana kumwambia nimekubali posa. Akageuza shingo, na chuma kikageuka naye. Akakataa katakata kukirudisha motoni."

Mkono wake ukaingia karatasini, akaushika ukingo. Ulikuwa wa baridi, kama vyuma vyote asubuhi. Akauegemea kwa viwiko viwili, akalia kidogo, moyo ukamtulia tuli.

"Egemea taratibu, mama," karani akasema bila kuinua macho. "Ukuta wenyewe wa kupanga."

"Mwanangu," mjane akamwambia mchoraji, "umenirudishia mume wangu. Sina cha kukupa ila asante, na hiyo nitaisema mpaka uchoke kuisikia."

Chini ya mchoro paliandikwa "Kazi ya", kisha jina la mwenye jumba, mtu ambaye hakuwahi kushika hata koleo la jikoni. Mchoraji alikuwa ameandika jina la mhunzi. Bosi akalifuta, akasema mwenye mali ndiye mwenye neno.

Siku hizi mjane huja kila wiki na kitambaa na mafuta, kwa kuwa mvua zimeanza na mchoro unashika kutu. Hupaka jani kwa jani, huku akimshukuru mchoraji. Akifika kwenye lile jina, nalo hulipaka, kutu isije ikaanzia hapo.