Vipande Saba vya Jina la Dawa

Shule nimeisoma kwa vipande, na lile jina la dawa ya presha nalo nililiokota hivyo hivyo. Mwanzo wake, haidro, niliusikia kwenye bwawa la umeme. Kloro, kwenye matangi ya maji. Mkia nikaujulia hapa, kwenye kiwanda cha kuchapa karatasi za maelezo ya dawa.

Aliyeniingiza ni shemeji, mume wa marehemu dada yangu. Tunakagua wawili: yeye anasoma kwa sauti nakala iliyopitishwa na daktari, mimi nafuata kwa kidole iliyochapwa. Neno refu halisomwi zima. Linakatwa, na kila kipande kinagongewa meza: hy-dro-chlo-ro-thi-a-zide, saba. Likivunjika mwisho wa mstari, msomaji hutamka "kistari" ndipo ashuke. Tukikosea, mgonjwa anameza kosa letu.

Jumanne ile aligonga saba mfululizo, bila kistari. Nikachungulia nakala yake: kipo, baada ya kipande cha nne.

Nikashuku pombe. Alipokwenda msalani nilinusa kikombe chake. Chai ya rangi, basi. Nikashuku mwanamke, maana mgane naye ni mtu. Lakini mbona kurasa anazitafuta kwa kupapasa?

Kesho yake nikafanya ushenzi. Nilimwekea nakala ya dawa ya maji ya kikohozi. Akasafisha koo, akagonga: hy-dro-chlo-ro, hadi saba, akaendelea na idadi ya vidonge bila kukwama.

"Shemeji," nikasema, "unasoma nini?"

Kidole kikaganda mezani. Akauliza nimemwekea karatasi gani. Nikamwambia.

"Tangu mwaka jana herufi naziona kama siafu," akasema. "Msimamizi akijua, nimekwisha. Ninyamazie, bwana. Kwa ajili ya dada yako."

Hapo alinishika pabaya. Lakini nikamuuliza ni karatasi ngapi zimetoka tangu mwaka jana, na nani anazisoma sasa huko majumbani.

Akaomba nimshike kiwiko hadi ofisini kwa msimamizi. Mlangoni akautoa mkono wangu, akapapasa kitasa, akaingia peke yake.

Nikaenda stoo kutoa karatasi zote za tangu mwaka jana, zikaguliwe upya. Mama wa stoo akakubali kunisomea. Nikamwonyesha jinsi ya kukata na kugonga, tukaanza na ya Januari.