Kifua Hakipandi, Dorcas

Sista Dorcas hakuwa mtu wa kuambiwa. Hilo kila mtu katika wodi ya wazazi alilijua, kuanzia madaktari hadi wapiga deki, na yeye mwenyewe alilijua kuwashinda wote. Alikuwa amezalisha nusu ya watu wa kijiji cha Ganda, na akipita sokoni hapa Malindi wanawake huwasukuma watoto wao mbele: "Huyu ndiye aliyekupokea, hebu mwamkie!" Sasa mtu kama huyo, jamani, umwendee na mwanasesere wa mpira umwambie aje afundishwe kumpulizia mtoto hewa? Hiyo si kujitafutia balaa?

Aliyejitafutia ni Mwikali, mkufunzi kutoka Kilifi. Zamani mafunzo yalikuwa mara moja kwa mwaka, hotelini, soda baridi na cheti, na mtu akishafika kwake ameshasahau yote. Mwikali akaja na yake. Eti kila Jumanne, wodini humo humo, juu ya meza ile ile wanayolazwa wachanga, kwa ambu ile ile ya wodi, yaani ule mpira wa kubinya, wenye barakoa ya kufunika pua na mdomo, unaomsukumia hewa mtoto asiyepumua. Mwanasesere wake wakamwita Charo. Wagiriama humpa jina hilo mtoto aliyezaliwa safarini, na huyu alikuwa ametoka kwenye begi la safari.

Jumanne ya kwanza Dorcas alikwenda moja kwa moja kichwani kwa Charo bila kuulizwa. Nafasi ya kichwani ni ya mkubwa, nani asiyejua? Akaweka barakoa, akabinya. Kifua cha Charo hakikupanda. Akabinya tena kwa madaha yake. Wapi! Wauguzi wamezunguka meza, macho yote kifuani, midomo yote imefungwa. Laban, mwanamume mzima na ndevu zake, akasema, "Hapo barabara kabisa, mama." Muongo mkubwa!

Mwikali alingoja, kisha akamfunika Charo shuka hadi kichwani.

"Mtoto amekufa," akasema. "Na nyinyi nyote mlikuwa mnamwangalia. Vidhi, wewe uliona nini?"

Vidhi ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, binti wa Gokaldas mwenye duka la vitambaa. Dorcas alimjua tangu akiwa kitoto cha kulala juu ya majora ya kanga wakati watu wakipimiwa sare za shule.

"Niliona shingo imevutwa nyuma mno," Vidhi akajibu kwa sauti ya chini. "Hewa ilikuwa haipiti."

"Na mbona hukusema?"

Vidhi akatazama viatu vyake. "Ni kama mama yangu yule. Nitamwambiaje?"

"Basi huyu amekufa kwa heshima," Mwikali akasema.

Watu wakacheka. Dorcas hakucheka. Mwikali naye akatoa sheria papo hapo: mezani pale hakuna mama, hakuna sista, hakuna samahani. Ni jina la mtu na jambo lenyewe, kwa sauti ya kusikika. Shikamoo zingoje mtoto alie kwanza.

Loo! Siku hiyo Dorcas alirudi kwake mtaa wa Barani amevimba. Alimmalizia hasira zote mwanawe Gona, ambaye maskini hakuwa amekosa lolote.

"Nimekaa nikaona mengi, lakini hili sijaliona. Mtoto wa Gokaldas aniite Dorcas! Baba yako mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniita Dorcas. Mama Gona, ndivyo alivyoniita mpaka siku anaondoka."

Na aliondoka ghafla, mzee Kambi. Alikunywa chai asubuhi, na adhuhuri ikamkuta hayupo, hata kwaheri hakusema. Dorcas alikuwa bado na maneno yake mdomoni. Ndiyo maana mkewe Gona, Cynthia, alipopata mimba, bibi mtu alianza kulihesabu lile tumbo kuwa lake. Akizaliwa mvulana, kwa desturi yao angeitwa Kambi, jina la babu, na bibi angekuwa na ruhusa ya kumwita mume wangu mbele za watu bila haya.

Jumanne zikaendelea. Vidhi alijitahidi, masikini ya Mungu, lakini kwao mkubwa huinamiwa akashikwa miguu, na mkono wa kuinamia hauwi ghafla mkono wa kuamuru. "Mama... samahani... Sista Dorcas, kama hutajali, naomba ile shingo..." Mwikali akapiga kofi mezani. "Ukimaliza hotuba tutakuwa tunatoka makaburini kuzika! Tena!" Vidhi akarudia, uso umemwiva. Tena. Na tena. Ikafika siku akasema, "Dorcas, shingo," kavu kavu, halafu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Dorcas akarekebisha shingo ya Charo huku amenuna, na kile kifua cha mpira kikapanda. Akaona mwenyewe.

Cynthia alishikwa na uchungu siku ya Alhamisi. Dorcas akasema hatamzalisha, kwa kuwa mtu hawezi kuwa na akili timamu juu ya damu yake, na akamwachia Vidhi. Yeye akae nje ya pazia. Laban alikuwa amempeleka mama mwingine chumba cha upasuaji. Adhana ya alasiri ilikuwa ndiyo kwanza inamalizika mtoto alipotoka.

Hakulia.

Dorcas alikuwa ndani ya pazia kabla hajajua kwamba miguu imemwinua. Mvulana. Amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa, rangi yake si rangi ya mtu. Vidhi alikuwa anamkausha, anamsugua mgongo, anamsugua tena. Kimya. Akakata kitovu, akamkimbiza mezani, na kichwani pa meza akamkuta Dorcas ameshasimama, ambu mkononi. Mazoea ya miaka yote, hata kuyafikiria hakuyafikiria.

"Mama," Cynthia akaita kutoka kitandani, "mbona halii?"

Dorcas akainama juu ya mtoto. Akaweka barakoa, akabinya. Mikono ilikuwa ile ile iliyopokea nusu ya Ganda, lakini macho yake yalikuwa usoni kwa mtoto, kwenye paji lile pana la ukoo wa Kambi. Kifuani hakutazama hata kidogo. Akabinya. Akabinya. Ndani yake alikuwa anapiga kelele, hapana, Mungu wangu, usinifanyie hivi tena.

"Dorcas! Kifua hakipandi!"

Sauti ilipasua wodi. Hata aliyekuwa anapiga deki kule mlangoni alisimama.

"Dorcas, shingo! Umeivuta!"

Akajaribu kuirudisha. Vidole vikakataa kutulia, barakoa ikateleza, hewa ikatorokea pembeni.

"Toka kichwani. Nipe mimi."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Mwanamke ambaye daktari mwenyewe humwomba radhi akipita mbele yake, anafukuzwa mezani na mtoto wa dukani, mbele ya mkaza mwanawe. Na Dorcas akatoka. Alimpa ile ambu, akasogea kando, akashika kitovu cha mtoto kwa vidole viwili kutafuta mapigo, kama walivyofanya kwa Charo Jumanne baada ya Jumanne.

"Mapigo yapo," akasema. "Ya polepole. Yapo!"

Vidhi akamnyoosha mtoto kichwa, akabana barakoa, akabinya. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Dorcas akawa anamhesabia kwa sauti, na machozi yanamdondoka juu ya meza bila ya yeye kuyafuta. "Yanakwenda mbio sasa, mwanangu, usiache." Rangi ikaanza kurudi midomoni. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya moja, halafu akaachia kilio cha hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa bila idhini yake.

Cynthia akalia. Vidhi akalia. Mpiga deki naye akalia, na yeye halimhusu.

Walipokwisha kumlaza kifuani kwa mamake, Dorcas aliinama akamtazama kwa karibu. Moyo ulikuwa mwepesi mpaka akaogopa.

"Mume wangu," akamwambia, "ulitaka kuniacha tena bila kwaheri? Wewe hukomi."

Alipogeuka, alimkuta Vidhi ameinama sakafuni, mikono miguuni pake.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, mama, sikukusudia kukuita..."

"Inuka."

Vidhi akainuka. Dorcas akamtazama kwa lile jicho lililowahi kuwatoa wodini hata mabwana wakubwa.

"Umenivunjia heshima mbele ya mkaza mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Marahaba," Dorcas akasema. Akamvuta yule binti, akamkumbatia kwa nguvu. "Na Jumanne univunjie tena."