Nyundo Iliyolala

Wachumba wawili wa kwanza wa Avelina walikimbizwa na historia ya bastola. Si kwamba baba yake, Mzee Kalisti, aliwatisha. Angewatisha ingekuwa afadhali. Aliwaelimisha tu, mpaka chai ikapoa, mpaka wakakumbuka kwamba wana safari. Kwa hiyo siku ukoo wa Stanley, mchumba wa tatu, ulipopanda Masama kutoka Rau na pipa la mbege, pombe ya ndizi, kuja kuposa, Avelina aliomba jambo moja.

"Baba, leo tusiitoe."

"Nani kasema nitaitoa?" akajibu mzee, na mfuko wa koti lake umelemea upande mmoja.

Alikuwa amestaafu kazi ya kulinda fedha za chama cha kahawa, na bastola hiyo ya Kijerumani aliimiliki kihalali. Mtori haujaisha kwenye mabakuli, Mzee Filemon, baba mdogo wa Stanley na msemaji wa wageni, akauliza kwa adabu tu kama huku juu kuna wezi wa ndizi. Avelina akafumba macho.

"Wapo," alisema Mzee Kalisti, akaiweka mezani. "Sasa sikiliza, mzee mwenzangu. Bastola nyingi za zamani, nyundo ikiwa imelala, ukivuta triga hupati kitu. Lazima kwanza uikoki, uinue nyundo kwa mkono. Na ukitembea nayo imekokiwa, siku moja utajipiga mguu. Mwaka 1929 Wajerumani wakaleta hii. Risasi moja imo chemba, tayari nyuma ya mtutu, nyundo imelala, wewe umetulia zako. Siku ya shida unavuta triga tu. Mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, maana ndio unaoinua nyundo na kuiangusha. Wa pili na kuendelea ni mwepesi. Baadaye dunia nzima ikaiga. Yangu huwa hivyo saa zote: moja chemba, nyundo imelala."

"Kumbe," alisema Mzee Filemon, akisogeza kiti nyuma kidogo.

"Usiwe na wasiwasi. Magazini ya risasi naitoa." Akaitoa, akaiweka kando ya bakuli, akaelekeza mtutu pembeni ambako hakukuwa na mtu. "Tazama huo mvuto wa kwanza."

Mvuto ulikuwa mrefu na mzito. Nyundo ikainuka, ikaanguka. Pembeni hakukuwa na mtu, lakini kulikuwa na pipa la mbege.

Bastola ilifanya kazi kama alivyoeleza, na hakuna aliyeweza kudai hakuelezwa. Masikio yalipoacha kuvuma, Mzee Filemon alitazama mbege ya posa ikitiririka kuelekea mlangoni, akachukua kofia yake, akaifuata. Ukoo mzima ukamfuata yeye. Stanley aliinuka wa mwisho.

Avelina alilia, jambo ambalo hakulipanga. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma hadi mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akakata jani la isale, akamwekea baba yake mkononi. Anayeletewa isale hana namna ya kukataa kusamehe. Ugumu uko kwa anayelipeleka. Mzee Kalisti alikuwa ameletewa majani hayo mara nyingi maishani. Kupeleka, hakuwahi.

"Wanaondoka, baba."

Mzee aliwakuta kwenye gari. Alilitoa jani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, bila historia yoyote. Mzee Filemon akalipokea.

"Tumesamehe," alisema. "Harusi ipo. Ila nyumba yenye kitu hicho mimi siingii tena."

Asubuhi Avelina alimsindikiza baba yake hadi polisi, Bomang'ombe. Njia nzima mzee hakusema neno, na Avelina akajikuta anaumizwa na ukimya alioutamani miaka yote. Kwenye kaunta, askari wa kike aliwasalimu shikamoo, akapokea bastola iliyofungwa kwa kitambaa, akauliza kama ina risasi.

Avelina akasubiri 1929.

"Sijui, mwanangu," Mzee Kalisti alimjibu askari. "Iangalie wewe."