Mpanda Farasi na Pudingi ya Figo

Bwana Septimus Garraway alipanga vyumba vya juu katika nyumba yangu pale Lambeth. Asubuhi aliandikia gazeti habari za mbio za farasi. Mchana aliliteka jiko langu, akijaribu mapishi ya kitabu alichokuwa akikiandika. Tumbo lilimtangulia kila alikokwenda, na kalamu yake haikuwa na adabu.

Wiki ya mbio za Epsom aliandika kwamba mpanda farasi Eli Tunnicliffe hukaa juu ya farasi kama shati lililoanikwa. Kesho yake Tunnicliffe mwenyewe akagonga mlango wangu, kijitu kifupi, mashavu yamebonyea, kiboko mkononi.

"Yuko wapi huyo nguruwe?"

"Jikoni, baba. Ila usinivunjie vyombo."

Sikuona sababu ya kumficha mtu aliyekwisha kuniunguzia sufuria tatu.

Garraway alikuwa anafungua kitambaa alichochemshia pudingi ya nyama na figo. Mvuke ukajaa jikoni. Tunnicliffe akainua kiboko, kikaganda hewani.

"Wewe umekula lini?" Garraway akamuuliza.

"Hayakuhusu! Kesho napimwa uzito, nikizidi sipandi. Tangu Jumapili nakunywa siki."

"Siki! Ndiyo maana umekuwa shati. Kaa kwanza. Utanichapa ukishiba."

"Naonja tu."

Alionja pudingi yote. Akafuta sahani kwa mkate, kisha akaangua kilio.

"Tangu nianze kazi hii sijawahi kushiba," alisema.

Garraway akamkatia jibini.

Kesho yake mizani ikamkataa Tunnicliffe. Mwenye farasi akampandisha mwingine, na farasi wake akafika wa mwisho. Jioni bwana huyo akaja kwangu akifoka.

"Garraway! Umemhonga mtu wangu!"

"Kwa figo tu, mheshimiwa. Keti, nikukaangie na wewe."

Bwana yule akaondoka akitukana mpaka mama yake Garraway. Lakini mlango ulipofungwa, Garraway akakaa ngazini, uso umemshuka.

"Mama Pocock, nimemfukuzisha mtu kazi."

"Basi nenda kamwombe radhi, badala ya kunizibia ngazi."

Alimkuta Tunnicliffe kwenye kibanda cha kuuzia mikunga, wale samaki kama nyoka, anakula bakuli la pili.

"Radhi yako kaa nayo," Tunnicliffe akamwambia akitafuna. "Nifundishe kupika."

Basi wakawa wawili jikoni kwangu, wakigombania chumvi. Ile mikono iliyozoea hatamu ilikuwa myepesi kwenye unga kuliko ya mwalimu wake, jambo ambalo Garraway alilikana mpaka kitabu chake kilipotoka. Wakati huo Tunnicliffe alikuwa amenenepa vizuri, na mimi, mjane mwenye akili timamu, nilikuwa nimemzoea.

Mimi na Tunnicliffe tulipofunga ndoa, Garraway alipika karamu nzima, akalewa, kisha akaiandika harusi yetu gazetini kama mbio. Alisema bibi harusi alimshinda bwana harusi kwa urefu wa shingo. Nilimnyima chai siku mbili, ingawa ni kweli, Eli ananifika begani.