Utando wa Kidimbwi cha Abdunoor

Fatumah alipomaliza eda, alifunga kanga yake vizuri, akashuka kwenye ziwa la chumvi kutazama kidimbwi cha chumvi alichoachiwa na marehemu mumewe, Abdunoor, ambaye siku zote alikifanyia kazi peke yake. Kingo za tope zilikuwa bado zimesimama, na vijiti vyake na nyasi zilizosokotwa. Lakini chini, maji yalipokuwa yamepungua, kulikuwa na utando wa kijani uliotanda kila mahali, mnene, wa kuteleza, kama ngozi ya maziwa yaliyolala.

Aliona haya. Watu watasema mjane huyu ameacha kidimbwi kiote uchafu.

Tena kulikuwa na neno la shemeji yake, Shafic. Siku ya arobaini alikaa mkekani, akamwambia kwa upole, "Shemeji, kiangazi hiki kidimbwi iko yako. Ikitoa chumvi, endelea nayo. Isipotoa, irudi kwetu, sisi ndugu."

Basi Fatumah akaingia na bati lililokunjwa, akakwangua. Alikwangua kama anavyosugua mtungi wa maji nyumbani, pembe kwa pembe, mpaka tope jeusi likabaki tupu, linang'aa. Ule utando akautupa nje, ukakauka juani, ukawa kama karatasi. Kisha akajaza maji ya ziwa kwa ndoo.

Jirani yake, Kosiya, alikuwa kwenye kidimbwi cha pili, anavunja chumvi yake. Alimtazama kwa mbali, akainua mkono kumsalimu, akainama tena. Hapo ziwani mwanamume hasogei kuzungumza na mjane aliyetoka eda juzi, watu wasije wakaongea. Siku zile Fatumah alisalimiwa na wengi, na hakuna aliyesimama.

Asubuhi alikuta maji yameshuka. Akajaza. Kesho yake yameshuka tena, na jua halikuwa kali kiasi hicho. Alikagua kingo kwa vidole, akatia tope penye ufa, lakini wapi. Kwa Kosiya chumvi ilikuwa inaganda nyeupe. Kwake chini palikuwa tope na unyevu.

Jioni moja mjukuu wake, Hidayah, anayesomea ualimu wa sayansi kule Mbarara, alipiga simu. Fatumah hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia, akamsimulia yote, hata rangi ya ule utando.

Hidayah alimuuliza bibi yake haraka. "Jaja, umeutoa wote?"

"Wote. Hata kwenye pembe."

"Ule si uchafu, Jaja. Darasani tunaita alga. Ni neno la Kilatini, la Warumi wa zamani. Kwao lilikuwa jani la baharini, lile ambalo watu wa Pwani wanaita mwani. Siku hizi jina limepanuka. Ni viumbe vingi vya majini vinavyojipikia chakula kwa jua kama mgomba, ila havina mizizi wala ua. Vingine hata huvioni kwa jicho."

"Kama havina mizizi, vinashikaje?"

"Vinashikana vyenyewe. Vinajisuka kama mkeka, vinaziba vitundu vya tope. Ndiyo maana maji yalikuwa yanakaa."

Fatumah aliweka simu mapajani, ikiwa bado inaongea.

Kesho yake hakujali watu. Alimwendea Kosiya na beseni, akamwomba utando kidogo. Kosiya alimpa bila kuuliza, akageuza uso. Fatumah akautandaza kwake kipande kwa kipande, akaumwagia maji polepole, asije akauchana. Ulishika. Kila siku kijani kilisogea kidogo, na maji yakaanza kukaa. Ila mawingu yalikuwa yameshafunika milima ya Rwenzori, na mvua ya kwanza ikaanguka kabla chumvi haijaganda.

Shafic alikuja mvua ilipotulia. Alisimama ukingoni, mikono mgongoni.

"Hakuna chumvi, shemeji."

"Hakuna. Nilikwangua utando, maji ikakimbia. Sasa umeota tena. Kiangazi kijacho..."

"Tulisema kiangazi hiki."

Fatumah alitazama chini. "Haya. Lakini usiukwangue, Shafic. Huo ndio unashika maji."

"Najua. Sisi wote tunajua hiyo tangu utoto."

"Mbona hamkuniambia?"

Shafic alijikuna shingo. "Ulikuwa eda. Halafu ukatoka, hukuuliza mutu."

Hakulisema kwa ubaya. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini ili akague kingo zake.

Fatumah alibaki ukingoni akitazama miguu ya Shafic. Alitamani ikanyage vibaya, iuchane ule utando, ili apate neno la kumwambia, asimame pale kidogo zaidi akimfundisha. Lakini Shafic aliteleza taratibu, bila kuinua nyayo, kama alivyokuwa akifanya Abdunoor, na kijani hakikutikisika. Fatumah akaokota ndoo yake, akapanda njia ya kwenda nyumbani.