Moshi wa Agyarko

La, si wezi. Wengi walidhani Yaa Dufie aliziba lile dirisha kwa kuogopa wezi, lakini mwizi angechukua nini mle ndani? Cherehani moja ya miguu na mzee mmoja anayekohoa. Aliziba kwa sababu ya moshi. Alitwaa nguo zake kuukuu, akazitosa kwenye pipa la maji, akazipigilia misumari dirishani, na moja akaisokomeza chini ya mlango. Zikikauka, anazilowesha tena. Kutwa nzima ndiyo kazi yake hiyo. Jioni akizikamua yanatoka maji meusi kama wino.

Hapa hapa Kumasi, mtaa ule wa nyuma ya machinjio. Jirani yao, Agyarko, alikuwa anababua ngozi za ng'ombe. Na ngozi unaijua wewe, supu bila kipande cha ngozi watu wananuna. Inababuliwa manyoya mpaka inakuwa nyeusi, halafu inakwanguliwa, inaoshwa, inarudi rangi ya asali. Kuni zinafaa, ila kuni mpaka ununue. Matairi yanaokotwa tu. Basi ikifika saa tatu asubuhi vijana wa Agyarko wanawasha matairi, na ule moshi haupandi juu kama moshi wa watu wengine. Unalala kwanza juu ya ukuta, mzito, kama unafikiri. Halafu unateremka upande wa Dufie polepole, kama mtu anayejua anakwenda kwa nani.

Mumewe, mzee Tabiri, alikuwa fundi wa nguo nyeupe, zile za ibada ya shukrani na za kumtoa mtoto mchanga nje. Nani atapeleka kitambaa cheupe nyumba ile? Walianza kupotea wateja, pumzi ikafuata. Ilifika mahali anavuta hewa nusu, anapumzika, anavuta nusu nyingine. Daktari alisema, "Mtoeni hapo." Watamtoa wampeleke wapi? Chumba ndicho hicho, miaka thelathini na moja.

Dufie akaenda kwa Agyarko. Wala hakumkuta mtu mkali. Agyarko alimfutia kiti kwa mkono wake.

"Karibu, mama yangu. Mzee anaendeleaje?"

"Mzee anakufa, Agyarko."

"Ah, mama, usiseme hivyo."

"Ule moshi. Nakuomba, baba. Hata ungechoma siku moja moja."

"Mama, moto wangu uko kwangu. Umeuona umeruka ukuta?" Vijana wakacheka. "Upepo sasa, upepo si wangu. Huo ukamwombe Mungu."

"Kuni je?"

"Mama Dufie, wewe supu yako unakula bila ngozi?"

Hata juzi Dufie alikuwa amekula. Agyarko akamfungia kipande kwenye karatasi. "Mpelekee mzee, apate nguvu."

Na Dufie akakipokea, ndiyo. Angekirushaje? Akakipika.

Alichofanya baadaye ni kwenda ofisi ya jiji kumshtaki. Alikwenda mara nne. Mara ya kwanza mwenye daftari yuko msibani, mara ya pili daftari limejaa, na ile ya nne wakaandika. Wakasema mkaguzi wa afya atakuja Jumatatu. Sasa mkaguzi wa afya watu wa hapa wanamwita samansaman, kwa sababu ya zile samansi zake, hati za kukuita mahakamani. Na neno lenyewe ukilikata katikati, saman, kwa lugha yetu ni mzuka. Akiingia mtaani watoto wanakimbia mbele wakipiga kelele, "Samansaman! Samansaman!" na kila mwanamke anakimbilia kufunika maji.

Jumatatu hiyo moto haukuwashwa. Nani alimwambia Agyarko, hilo jiulize mwenyewe. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa, jiko la kuni limekaa katikati, na juu yake mbuzi mmoja, mdogo, anababuliwa kwa adabu.

Samansaman alikuwa mwanamama mnene wa sare ya kaki, jina lake Birago. Alikaa kwa Agyarko muda mrefu, akatoka anafuta midomo, akaja kwa Dufie.

"Moshi uko wapi, mama?"

"Leo hawajawasha. Tazama ukuta. Tazama hizi nguo, madamu, nazikamua uone."

"Nguo chafu ni zako." Akapita mpaka ndani, akammulika mzee Tabiri kwa tochi mchana kweupe kama anamkagua na yeye. Kisha akafunua pipa. Akainama. Akachota kwa kikombe, akakiinua kwenye mwanga.

"Hawa nini?"

Viluwiluwi wa mbu walikuwa wanacheza ndani ya kikombe.

"Maji ya bomba yanatoka Jumamosi kwa Jumamosi, madamu. Lazima tuweke."

"Mama, wewe umeleta malalamiko ya moshi. Moshi nimeutafuta sijauona. Hawa nimewaona." Akafungua kitabu chake, akaandika hati kwa jina la Yaa Dufie, akaichana kitabuni, akampa. "Mwaga hayo maji. Mwaga nikiona."

Dufie akashika ukingo wa pipa. Hakuwa na nguvu za kulilaza peke yake, kwa hiyo Agyarko, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja kumsaidia. Maji yakaenda mpaka barabarani.

Walipoondoka mzee Tabiri alicheka. Alicheka vipande vipande, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu.

"Dufie. Umekwenda kumwita mzuka... aje akufukuzie moshi."

"Nyamaza, utapaliwa."

"Na amekuja," akasema.

Jumanne moto uliwashwa kama kawaida, tena na matairi ya lori. Zile nguo dirishani zilikuwa kavu zinapigapiga. Dufie alitembea na ndoo nyumba kwa nyumba, lakini katikati ya wiki nani ana maji ya kugawa ya kuloweshea matambara? Alipata jagi. Jumatano akapata nusu jagi, akalowesha kitambaa kimoja, akakiweka juu ya pua ya mumewe, akakaa akimpepea kwa kifuniko cha sufuria.

Mzee Tabiri alikufa Ijumaa. Maji yalitoka Jumamosi.

Siku ya kuzika, moto ukiwa umeshawashwa, mkuu wa ukoo alimtuma kijana ng'ambo ya ukuta na chupa moja ya pombe kali, ya kuombea kama desturi ilivyo. Kijana hakukaa hata dakika tano. Agyarko aliipokea chupa kwa mikono miwili, akawaambia watu wake, "Zimeni. Mzee wetu anazikwa leo." Wakamwaga ndoo tatu za maji kwenye yale matairi. Dufie, amekaa kwenye mkeka na kitambaa chekundu cha msiba kichwani, aliusikia moto unalia pss, pss, pss, kisha kimya.

Akamuuliza dada yake, "Ni nini hicho?"

"Wamezima."

"Kumbe unazimika," Dufie akasema.

Walipotoka makaburini waliweka mahema. Hewa ilikuwa safi, watu wakaisifia. Mzee mmoja mgeni alisema mtaa huu una hewa nzuri, mtu angeweza kujenga. Dada yake alikuwa amezing'oa zile nguo, dirisha liko wazi. Na kutoka mle ndani Dufie alimsikia mumewe akivuta hewa nusu, akapumzika. Akawatazama watu. Hakuna aliyegeuka. Akasubiri ile nusu ya pili.

"Yaa, tangu Ijumaa hujatia kitu mdomoni," dada yake akamwambia. "Njoo ukae."

Fufu ya muhogo na ndizi ilikuwa imeshapakuliwa, na supu, na ngozi alizoleta Agyarko mwenyewe, sinia mbili. Birago naye alikuja, safari hii kwa nguo nyeusi. Alimpa pole Dufie kwa mikono miwili, akamnong'oneza, "Ile hati yako, mama, tumekusogezea tarehe. Sisi ni watu."

Agyarko alikuwa ananawa. "Mama, leo tumepumzika kabisa kwa heshima ya mzee. Kesho itabidi tuanze alfajiri, ngozi zimelundikana."

Viti vilikuwa vimejaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kati ya Agyarko na Birago. Wakasogea, mmoja huku, mwingine huku, ili apite vizuri. Dufie akakaa. Mkuu wa ukoo akasema karibuni, na wote wakatia mikono.