Upande wa Shavu

...na wala hakuuliza, alikuja tu akalilaza gobori lake juu ya meza, katikati ya viazi na vitunguu, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, "Mama, naomba likae hapa kidogo, mafuta hayajakauka," halafu huyoo katoka kwenda roshani na simu yake, Bi Tumu akabaki na kisu cha viazi mkononi, mama, mama, mama wa nani, si alishamwambia huyu mkwewe Selemani pale hospitali mbele za watu, usiniite mama tena, na yeye kaitikia nini, "Ndiyo, mama," zuzu, mwaka sasa bado ni ndiyo mama, samahani mama, shikamoo mama, na yeye Bi Tumu kimya, haitikii, aking'ang'ania kumwita basi aite ukuta... chini huko teksi zinapigiana honi kwenye taa za robot, mtaa huu wa Berea haujui kunyamaza, na simu nayo kaifungulia sauti yote kwa kuwa mikono imejaa mafuta ya kitani, nyumba nzima isikilize soga zake na yule Steve, Mkenya wa Braamfontein, mijanaume miwili na ndevu zao, wanachonga mbao, wanasugua mitutu, wanapigilia marembo, halafu Jumamosi hao, na baruti yao kwenye kichupa, kwenda nje ya mji kupiga makopo, makopo jamani, hata kanga mmoja wa mchuzi hawarudi naye, baba yake mwenyewe Bi Tumu kule Handeni angecheka mpaka akalie vumbi, yeye gobori lake lilikuwa chungu cha nyumba, likilia porini watoto nyumbani wanaosha sufuria... sasa hiki nini kinachong'aa, kipande cha fedha, chembamba, kimezamishwa kwenye mbao ya kitako, kimepinda kidogo kama kilikuwa duara kikanyooshwa, ana nakshi huyu, afadhali mkono ungemfaa kwa la maana, akapitisha kidole gumba, fedha bado ina ubaridi, kidole kikakwama kwenye vishimo vidogo, kimoja, na cha pili, na kingine, ah. Ah! Meno. Meno ya Nasra. Bangili yake mwenyewe Bi Tumu, aliyoivaa akimnyonyesha, na mtoto alipoanza kuota meno hakutaka ukwaju wala kipande cha muwa, alitaka mkono wa mama yake, akiitafuna bangili, mate chururu mpaka kwenye kiwiko, fedha laini ile ya zamani ikabonyea, na siku ya harusi akaivua akamvisha, "Itafune na mumeo," wanawake wakaangua vicheko... na sasa kaikata! Kaikata na msumeno, kaipondaponda, kaigongomea kwenye toi lake, wakati Ummi yupo, mtoto wa Nasra, akitoka shule na Kizulu chake, "Gogo, bangili ya mummy nitavaa lini?", utavaa ukikua mjukuu wangu, ndivyo anavyomwambia kila siku, kumbe anamdanganya mtoto wa watu, kumbe baba yake keshaifanya urembo wa bunduki... hapana, haiwezekani, inatoka leo hii, ncha moja hii imeinuka, hajaipigilia vizuri, kisu kinapita hapa, akachomeka kisu chini ya ncha, fedha ikalia kidogo, twii, na roshani kule Steve anacheka, cheka, ulicheka hivyo hivyo Jumamosi ile, mlicheka wote na masikio mmeziba kwa vile vizibo vyenu, simu iko ndani ya gari, na yeye hapa jikoni kapiga, kapiga, kapiga tena, Nasra yuko chini ameshika kifua, "Mama, Sele amepokea?", anakuja mwanangu, yuko njiani, "Mama, amepokea?", na alipokuja hospitali alikuta shuka limeshafunikwa mpaka juu, kasimama mlangoni na lile shavu lake la kulia jeusi tii kwa moshi wa baruti, hata kunawa hakunawa, akainama ambusu marehemu, na yeye Bi Tumu akamsukuma, mtoe huyu, asimguse mwanangu na hilo shavu, hilo shavu ndilo lililokuwa limelalia bunduki wakati mwenzake anamwita... ng'oka basi, ng'oka, lakini subiri, akageuza kitako, kushoto huku, mtu akilenga analaza shavu wapi, hapa, hapa hapa penye bangili! Mjinga huyu. Baba alikuwa fundi wa magobori, aliweka misumari ya shaba kote, shingoni, tumboni, kisigino, ila upande wa shavu hakugusa, akiwafukuza wateja waliotaka marembo pale, "Shavu lipe mti mtupu, gobori likirudi nyuma chuma kitakula uso," na huyu bwana mafunzo yake ya kwenye simu kaweka fedha pale pale na ncha imesimama kama mwiba, basi vizuri, Bi Tumu akachomoa kisu, akakaribia kucheka, vizuri sana, iache, sisemi neno, Jumamosi ipige, ikurudie, ikupasue shavu hilo hilo, mwanangu akung'ate mwenyewe na meno yake...

"...sasa boss, nimeona picha uliyotuma, hiyo fedha umeweka mahali mbaya, itakukata shavu!"

Hiyo sauti ya Steve. Sasa atakuja aitoe, mwenye bahati huyu, hata adhabu anaonywa.

"Najua."

"Unajua aje? Na kale kancha kamesimama?"

"Nimekaacha makusudi. Eish, Steve, acha tu. Ni upande ule ule."

"Upande gani?"

Honi. Steve naye hacheki tena... ule ule, kasema ule ule, yaani mwaka mzima analibeba lile shavu, ananyoa, ananawa, anakula mchuzi wake hapa mezani nalo, na lile neno alilomtupia pale mlangoni kumbe halikuanguka chini, kalichonga, kalipaka mafuta, kaja kulilaza mbele yake penye viazi, alitaka alione, ndiyo maana kalileta jikoni, mbona meza ya sebuleni ipo... lo, na wewe Selemani, unadhani ndiyo bei yake, mkwaruzo mmoja, damu kidogo, plasta, halafu ulale usingizi? Rahisi hivyo? Nasra wangu kwa mkwaruzo? Thubutu. Na Ummi akiona baba yake karudi anachuruzika atamlilia nani, mimi, si ndiyo? Hutatibiwa na gobori, mkwe, utakaa na donda hili kama mimi nilivyokaa nalo, hapa hapa, meza hii hii. Akaugeuza mgongo wa kisu, akaulaza juu ya ile ncha, akaukandamiza kwa kiganja chote, akaegemeza na uzito wake, fedha ile ya zamani, laini, ikazama kwenye mti bila ubishi, akapitisha kidole, hapakwaruzi tena, meno tu, vishimo vyake vya meno, lala mwanangu.

Mlango wa kioo haujasogea, mgongo wa Selemani uko pale pale, mafuta yananuka, viazi havijamenywa hata kimoja.

"Mama," akaita bila kugeuka, kama anayeita ukuta, "limekauka?"

"Bado," akasema Bi Tumu, na neno lilikwisha kutoka kabla hajakumbuka kwamba jina hilo haliitikii.